Fimbo ya Bei ya Ndama

Mimi sina subira na watu wanaojisifia vitu. Nianze hapo, ili ujue ni nani anayekusimulia. Ukiniambia koti lako limetoka Nairobi nitakuuliza kama baridi ya hapa kwetu Ikonge inajua Nairobi. Basi siku Elda Nehemiah alipoleta fimbo yake mpya ya kuvulia kwenye bwawa langu la samaki, nyeusi tii, nyembamba, akaniambia ukiishika unamsikia samaki akipumua, nilicheka mpaka ndoo ya chakula ikanitoka mkononi.

"Akipumua!" nikamwambia. "Na akiomba je, utamsikia pia?"

"Cheka tu, Mama Ruth. Hii ni kaboni. Nimeitolea bei ya ndama."

"Ndama angekua, akakupa maziwa."

Nehemiah ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii na nyumba yake iko Nyanchwa. Ni mzee wa kanisa, ndiyo maana tunamwita Elda, na Jumamosi humwoni hapa, na hata angekuja asingenikuta, maana sisi pia ni Wasabato na siku hiyo bwawa linafungwa. Lakini Jumapili asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye majani ya chai, yeye ndiye wa kwanza getini. Watu wa mjini siku hizi wanapenda kuvua wenyewe. Wanakaa pale kando ya bwawa na fimbo zao, wananyeshewa, wanafurahi, halafu wananunua kwa kilo walichovua. Mtu analipia kazi ambayo mimi ningeifanya kwa wavu dakika tano. Sikatai.

Sasa nikwambie kuhusu Baba, kwa sababu hadithi hii ni yake. Fimbo ni fimbo tu.

Baba ni Mzee Ogari, baba mzazi wa mume wangu Geoffrey. Mkono wake wa kulia ulijulikana kutoka Ikonge hadi Ekerenyo. Ng'ombe akishindwa kuzaa, watu hawakumwita daktari kwanza, walimwita yeye. Alikuwa anapaka sabuni mpaka kwenye kiwiko, anafumba macho, anaingiza mkono, na vidole vinamwambia kila kitu: huu mguu wa mbele, hili sikio, huyu kageuka. Nimemwona kwa macho yangu akimgeuza ndama tumboni huku akimtuliza mamake kwa maneno, na yule ng'ombe akatulia kabisa.

Mwezi wa pili mwaka huu akapata kiharusi. Mungu ni mwema, mdomo ulirudi na mguu ukarudi, ingawa anatembelea bakora. Mkono nao ukarudi nusu. Nguvu ya kushika anayo. Anachokosa ni kuhisi. Siku moja alikuwa ameshika kikombe cha chai iliyotoka motoni, ngozi inababuka, na yeye anaendelea kumlaumu jirani kwa kupanda mikaratusi kwenye mpaka. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Aliutazama ule mkono kama kitu alichookota barabarani, akauweka kwenye paja, na kuanzia siku hiyo hakuongea sana.

Dada wa fizio, yale mazoezi ya viungo kule hospitalini, binti mmoja mpole anaitwa Nyanchera, alituambia tusikate tamaa. Alisema mkono ukikaa bure, ubongo unausahau, na kila siku lazima mtu amfumbe Mzee macho, aguse vidole vyake kimoja kimoja, amuulize ni kipi. Akaniangalia mimi. "Mama, si utamfanyia?"

Binti wa watu ni Mkisii kama mimi, lakini amekulia Nakuru, alisahau. Mimi ni mke wa mwana. Sisi tuna chinsoni, ile heshima kati ya wakwe, na heshima yenyewe ina mipaka. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu. Mimi sikai kwenye kiti chake. Na hatushikani mikono, hata salamu, hata siku ya harusi, hata kwenye matanga. Nimeolewa hapa miaka kumi na saba na sijawahi kumgusa yule mzee. Nikimpa chai naiweka mezani, anaichukua.

Na usifikiri hiyo ni chuki. Nilikaa miaka sita katika boma hili bila mtoto. Shangazi zao walikuwa wanakuja kila Krismasi kumwambia Geoffrey atafute mwingine. Baba aliwaita wote uani, akawaambia, "Huyu ni mtoto wangu. Anayetaka huyu aondoke, ajue naondoka naye." Walifunga midomo. Mwaka uliofuata Ruth akazaliwa. Mimi nampenda yule mzee kuliko nilivyompenda baba yangu aliyenizaa, Mungu anisamehe, na ningempa mkono wangu mmoja kama ungeshoneka kwake.

Lakini kumgusa vidole? Jamani!

Mama mkwe alishatangulia mbele za haki. Ruth yuko shule ya bweni. Geoffrey anaendesha lori, leo Malaba, kesho Mombasa, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Nikamwomba jirani yetu Masese, yule wa mikaratusi, aje kila jioni. Alikuja siku mbili, ya tatu akasema mgongo unamuuma. Mgongo! Kwani vidole vya mtu unavibeba kwa mgongo?

Nikaona nijifunge kibwebwe mwenyewe. Nilichukua ufito mrefu wa kufagilia utando wa buibui, nikasimama mlangoni, Baba yuko kwenye kiti chake uani amefumba macho, nikanyoosha ule ufito mpaka ukafika, nikamgusa kidole cha shahada. Nilijiona mjanja sana.

"Ni kipi, Baba?"

Nikagusa kingine. Nikakosea, nikamgonga pua.

Akafumbua macho. Akautazama ufito, akafuata urefu wake wote mpaka akanifikia mimi mlangoni.

"Mama Ruth," akasema taratibu. "Mimi ni nyoka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Jioni ile alimpigia Geoffrey simu, nikamsikia kupitia dirishani. Alisema Jumatano ya kliniki haendi tena. Alisema mkono uliokufa haupelekwi hospitali, unazikwa na mwenyewe wakati ukifika. Geoffrey alibembeleza mpaka salio likaisha. Mzee akikataa amekataa. Nililala nikilia, na asubuhi yake ndiyo ilikuwa Jumapili ya Nehemiah na fimbo yake ya kaboni.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa na hasira za kuchekea vitu vya watu.

Baba alikuwa amekaa kando ya bwawa chini ya migomba, mahali pake pa kila siku, mkono umelala pajani. Nehemiah alimsalimia, kisha akaendelea kunihubiria. Fimbo ya bei rahisi, alisema, inameza habari. Samaki akigusa chambo, mtikisiko unafia njiani. Hii nyeusi inauleta wote mpaka kwenye kiganja.

"Elda, huo ni uongo wa mwenye duka," nikasema. "Samaki hajui bei."

"Basi tujaribu."

"Tujaribu. Lakini kwa haki. Mimi nitakuwa samaki."

Mpango niliutoa palepale. Ninazo fimbo za kukodisha wageni: mwanzi mmoja wa hapa shambani, na moja ya faiba kutoka supamaketi ya Kisii, ile ya bei ya chini kabisa. Pamoja na yake zikawa tatu. Mimi ningevuka upande wa pili wa bwawa nikiwa nimeshika ncha ya uzi, niwe naugusagusa kama samaki anayeonja. Yeye angesimama huku amefungwa macho, aseme kila anaposikia kitu. Mara kumi kwa kila fimbo.

Alipoanza kuchomoa uzi wake nikamnasa. Uzi wenyewe ulikuwa wa kusukwa, haunyumbuki hata kidogo, na wangu wa nailoni unavutika kama lastiki.

"Ala! Kumbe ujanja uko kwenye uzi?"

"Uzi pia ni muhimu," akakiri, ameona haya kidogo.

"Basi huo huo uende kwenye fimbo zote. Hapa tunapima fimbo."

Nikavuka. Akajifunga macho kwa kitambaa chake cha mfukoni. Nikavuta kidogo, nikatulia, nikavuta. Sikumpendelea wala sikumwonea, naapa. Kwa mwanzi alipata sita. Kwa faiba ya supamaketi akapata nane. Kwa ile yake, tisa.

Alichomoa kitambaa na kurukaruka kama mtoto. "Umeona! Umeona!"

"Nimeona nini? Tisa na nane! Umemuuza ndama mzima kwa ajili ya mara moja!"

Tulikuwa tumeanza kubishana vizuri, na mimi napenda ubishi, ndipo Baba akaongea. Alikuwa hajasema neno tangu jana yake.

"Nipeni na mimi."

Nehemiah akarudisha uzi kwenye mwanzi. Akaushika mwanzi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto akauweka nyuma ya mgongo, ili usimsaidie. Nehemiah alimfunga macho, taratibu, kama mtu anayemvalisha mgonjwa. Mimi nikabaki kule ng'ambo na uzi mkononi, na nikaona jambo ambalo Elda hakuliona. Huku kulikuwa ni kumgusa Baba. Huu uzi ungefika kwenye vidole vyake, na mimi niko mbali, na heshima yake iko palepale. Hakuna nyoka, hakuna ufito. Ni samaki tu.

Nikavuta.

"Bado kuanza?" akauliza.

Nikavuta tena, na tena. Nikabadilisha mkono. Mara tano. Baba ametega uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya.

"Haya, hiyo nyingine," akasema.

Ya supamaketi nayo mara tano. Hakuna kitu. Nikaanza kujilaumu. Nani alinituma kucheza michezo na mzee wa watu? Jumatano atakuwa na sababu mpya ya kukaa nyumbani: hata uzi wa samaki umenishinda.

Nehemiah akaisogeza ile nyeusi, halafu akasita. Nikamwona anaangalia maji, anaangalia mkono wa Baba, anapiga hesabu za ndama wake kuzama. Nilikuwa karibu kumtukana. Lakini akaiweka kwenye kiganja, akavikunja vile vidole juu yake kimoja kimoja, akarudi nyuma.

Nikavuta. Hakuna. Nikavuta. Hakuna. Machozi yakaanza kunitoka, nikayafuta kwa bega.

"Mama Ruth!" Nehemiah akanipigia kelele. "Usivute! Samaki mdogo havuti, anadonoa! Piga uzi kwa ukucha!"

Nikaingia majini mpaka magotini ili uzi ukaze vizuri. Nikaupiga kwa ukucha. *Tik.*

Baba akainua kichwa.

"Hapo," akasema.

Nikafikiri amebahatisha. Nikaacha. Nikakaa kimya muda mrefu, hata vyura wakarudi kuimba. Nehemiah akamuuliza, "Sasa je, Mzee?"

"Hakuna kitu. Amenyamaza."

Nikapiga.

"Hapo."

Nikapiga mara mbili za harakaharaka.

"Mbili," akasema Baba. "Kama mdudu anatembea kwa ndani. Hapa." Na akamwonyesha Nehemiah, kwa kidevu, upande wa kidole gumba.

Mimi ni mtu wa ubishi hata nikilia. Nikapaza sauti, nikasema mwanzi haukupewa haki, maana mwanzoni nilikuwa navuta tu, sikudonoa. Urudishwe. Nehemiah akahamisha uzi, nikadonoa mwanzi mara tano. Baba akatikisa kichwa kila mara. Ya supamaketi: mara moja akasema, "Kama kuna kitu... sijui," nyingine zote kapa. Wakarudisha ile nyeusi.

"Hapo. Hapo. Hakuna. Hapo."

Yote sawasawa, na ile *hakuna* ilikuwa kweli hakuna, nilikuwa nimeinua ukucha makusudi.

Basi nikubali na yaishe: Elda alisema kweli. Kwa mkono mzima kama wake au wangu, tofauti ni ndogo, na mtu akiniuliza leo anunue ipi ya kuvulia ngege, samaki hawa wa bwawani, nitamwambia achukue ile ya supamaketi na hela inayobaki anunue uzi mzuri. Lakini Baba alikuwa anaishi mahali ambapo hiyo tofauti ndogo ndiyo kila kitu alichobakiwa nacho. Na hapo ndipo fimbo ya bei ya ndama ilipofika, zile nyingine zikaishia njiani.

Sikumbuki nilivyoachilia uzi. Nakumbuka nilikata bwawa katikati, maji yamenifika kiunoni, samaki wanaruka pembeni, gauni limenishika miguu, napiga vigelegele kama nimeona bibi harusi. Nilipanda ukingo kwa magoti. Baba alikuwa bado amefungwa macho, fimbo imeinuka mbele yake, anangoja samaki adonoe tena. Nikaangukia pale mbele ya kiti chake, nikaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yangu yote miwili.

Fimbo ikadondoka kwenye nyasi. Nehemiah aliigeukia migomba ghafla, akaanza kuikagua kana kwamba amekuja kununua ndizi.

Ndipo nikazinduka. Mungu wangu, nimefanya nini? Miaka kumi na saba! Kwa Kimombo hilo linaitwaje, kwa Kiswahili linaitwaje, sijui. Kwetu hilo ni jambo la kuitwa wazee wakae. Nilitaka kuachia nikashindwa hata kukunjua vidole.

Baba hakushtuka. Alikaa vilevile, uso umeinuka, kitambaa machoni.

"Huyu si Nehemiah," akasema polepole. "Huu mkono ni mdogo."

"Una maji," akaendelea. Kidole chake gumba kikasogea, kizito, kikijikokota juu ya kiganja changu, kikasimama mahali ninaposhikia majani ya chai kila asubuhi. "Una sugu hapa. Na ni wa baridi, maskini. Baridi sana."

"Baba," nikasema, "nisamehe. Nimejisahau. Nautoa sasa hivi."

Vidole vyake vikafunga.

"Usiutoe kwanza," akasema.